Spea ni zangu, jina la tovuti ni la nani?

*Safu ya Dada Wakili*

Mwanangu Wakili,

Nakuandikia nikiwa na hofu, huu ni usiku wa tatu usingizi haunijii. Nina duka la spea za pikipiki hapa Morogoro, upande wa Msamvu, mwaka wa kumi na moja sasa. Nilianza na meza moja ya plagi na tyubu. Leo nina cheni, sproketi, breki shuu, klachi pleti, kabureta, mpaka pistoni. Zaidi ya nusu ya wateja wangu ni vijana wa bodaboda wanaoendesha pikipiki za chapa moja inayojulikana nchi nzima. Nimekutajia wewe peke yako. Ukiichapa barua hii tafadhali usiiandike.

Mwaka jana mtoto wa marehemu mdogo wangu, aliyesomea kompyuta, aliniambia, "Mama mkubwa, watu hawatafuti duka lako Google, wanatafuta pikipiki yao." Akanunua domeni tatu, yaani majina ya anwani za tovuti, kila moja dola kumi na kitu kwa mwaka. Ya kwanza ni neno "spea" likifuatwa na jina la chapa. Ya pili ni jina la chapa likifuatwa na "tanzania". Ya tatu ni jina hilohilo limekosewa herufi moja, akasema ni kwa ajili ya wanaoandika haraka. Zote ni za .com. Juu ya tovuti akaweka nembo ya kampuni, rangi zao, na picha alizozitoa kwenye tovuti yao.

Mauzo yalipanda, sitasema uongo. Nilipigiwa simu kutoka Kilosa, Mikumi, mpaka Ifakara, mizigo nikawa naituma kwa basi. Nikachapisha stika 400 zenye anwani ya tovuti, vijana wakabandika kwenye madigadi.

Siku tisa zilizopita ikaja barua pepe ya mawakili wa kampuni hiyo, wako Dar es Salaam. Wanataka ndani ya siku 14 niache kutumia majina yote matatu, niyahamishie kwa mteja wao, na niondoe nembo. Kijana akawajibu bila kuniuliza: tumelipia kihalali, risiti tunazo, mkiyataka leteni milioni tano. Tangu hapo wamekaa kimya, na kimya chao ndicho kinachoniogopesha.

Mwanangu, spea nimenunua kwa pesa yangu. Nyingi ni orijino, nachukua kwa wakala Kariakoo. Nyingine ni kopi za bei nafuu na spea za chapa nyingine, na mteja namwambia ukweli kabla hajatoa pesa. Je, ni kosa kutaja pikipiki ninayoiuzia spea? Nitafungwa? Nitalipa mamilioni? Na stika zangu 400 nizifanyeje?

Mama Zawadi (jina limebadilishwa), Morogoro

---

Shikamoo Mama Zawadi.

Nianze na hilo la kufungwa, maana ndilo linalokunyima usingizi. Barua ya mawakili uliyonitumia nimeisoma mara mbili. Ni madai ya alama ya biashara (jina au nembo ya bidhaa inayolindwa na sheria), yaani shauri la madai kati ya mwenye chapa na wewe. Hakuna mahali wanapotaja jinai, na kuwa na domeni yenye jina la chapa hakukufanyi mhalifu. Ila kuna sehemu moja ya duka lako ambayo inaweza kugusa jinai, nayo si tovuti. Ni zile kopi. Nitazirudia.

Sasa hizo risiti. Kijana anaamini kwamba kulipia domeni ni kuimiliki, na wengi wanaamini hivyo. Msajili wa domeni hakagui alama za biashara. Anaangalia kitu kimoja tu: je, jina hili limeshachukuliwa? Kama halijachukuliwa, anakupa, mwaka kwa mwaka, kama mpangaji. Na katika yale masharti marefu ambayo sote tunayabonyezea "nakubali", mnunuzi wa .com anathibitisha kwamba kwa kadiri anavyojua, jina analosajili haliingilii haki ya mtu mwingine. Kwa hiyo risiti inathibitisha mmelipa. Haithibitishi kwamba mna haki na neno lililomo ndani ya jina.

Hata hivyo, sheria haikukatazi kuitaja pikipiki. Mtu anayeuza cheni ya pikipiki fulani hana namna ya kumweleza mteja bila kutaja pikipiki yenyewe. Ukiandika kwenye ubao wa duka "Tunauza spea za pikipiki aina fulani", unasema ukweli kuhusu bidhaa yako. Kinachobishaniwa ni pale jina la mwenzio linapotoka kwenye maelezo ya bidhaa na kwenda kukaa mlangoni, mteja akasoma na kudhani amefika kwa kampuni yenyewe au kwa wakala wao.

Kuna kesi ya Marekani ambayo naikumbuka kila ninapopata barua kama yako. Farzad na Lisa Tabari walikuwa madalali wa magari. Walimtafutia mteja Lexus kwa wauzaji wenye bei nzuri. Domeni zao zilikuwa buy-a-lexus.com na buyorleaselexus.com. Toyota, wenye chapa ya Lexus, walipolalamika, Tabari waliondoa nembo na picha za kampuni, wakaweka juu ya tovuti tangazo la maandishi makubwa kuwaeleza wateja hali halisi, lakini majina wakakataa kuyaachia. Wakashtakiwa. Mahakama ya chini ikawapiga marufuku kutumia neno Lexus katika domeni yoyote. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa ikaitengua marufuku hiyo kwa kuwa ilikuwa pana mno: dalali wa kweli wa Lexus ana haki ya kusema kwamba anashughulika na Lexus, hata katika jina la tovuti, ilimradi hawachanganyi watu.

Usifurahi haraka, mama, kwa sababu hukumu hiyohiyo ilieleza pia majina ambayo kwa kawaida huchanganya watu: jina la chapa likisimama peke yake na .com, au chapa ikiunganishwa na jina la nchi au mji. Mtu akiona chapa na "tanzania" pembeni yake anaelewa kwamba hili ndilo tawi la hapa nchini. Mimi mwenyewe ningeelewa hivyo. Kwa hiyo domeni yako ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza, ingawa kijana aliziona sawa. Hukumu ya Marekani haimfungi jaji wa Dar es Salaam, lakini swali linalopimwa ni lilelile kote: mteja wa kawaida anadhani nini?

Ya tatu, ile ya kukosea herufi, siwezi kuitetea na sitajaribu. Jina la aina hiyo halina kazi nyingine zaidi ya kumnasa mtu aliyekuwa anaelekea kwingine. Majopo ya usuluhishi wa migogoro ya domeni yameyaona maelfu ya majina hayo na huyachukulia kama ushahidi wa nia mbaya. Iachie leo.

Inabaki ya kwanza, "spea" pamoja na jina. Hii ina hoja, na hoja yake ina historia. Mwaka 2001 kampuni ya printa Oki Data iliipeleka ASD mbele ya jopo la WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani lililoko Geneva, kwa sababu ya domeni okidataparts.com, yaani "spea za Oki Data". ASD walikuwa mafundi na wauzaji walioidhinishwa wa printa hizo, na walishinda. Jopo likaweka vigezo ambavyo hadi leo hutumika kwa wauzaji, na majopo mengi huwapimia hata wale wasio na idhini ya kampuni. Vipime na duka lako mwenyewe. Je, bidhaa unazotangaza unazo kweli? Unazo, hapo uko salama. Je, kwenye tovuti yenye jina la chapa unauza bidhaa za chapa hiyo tu? Hapana, umeniambia una kopi na spea za chapa nyingine, na hapo ndipo mteja huonekana amevutwa kwa jina moja akauziwa jingine. Je, tovuti inaeleza wazi uhusiano wako na kampuni? Haielezi, kinyume chake ina nembo yao na rangi zao. Je, umejilimbikizia majina mengi mpaka mwenye chapa akakosa pa kupita? Majina matatu, moja likiwa la "tanzania", hayaonekani vizuri.

Kwa hiyo, mama, ungekuwa na ile domeni moja tu, tovuti isiyo na nembo, spea orijino peke yake, na sentensi moja juu kabisa inayosema wewe si wakala wa kampuni, ningekushauri usimame uitetee. Hali ilivyo sasa, ushauri wangu ni uziachie zote tatu, kwa heshima na kwa masharti yanayokusaidia.

Nije kwenye milioni tano. Hilo ndilo lililoniuma zaidi katika barua yako, kwa sababu kijana alidhani anakutetea. Kesi ya kwanza kabisa kuamuliwa chini ya utaratibu wa kimataifa wa migogoro ya domeni, unaoitwa UDRP, ilikuwa ya mieleka. Mtu mmoja wa Marekani alisajili worldwrestlingfederation.com mwezi Oktoba 1999, na siku chache baadaye akataka kuwauzia wenyewe World Wrestling Federation kwa dola 1,000. Januari 2000 jopo liliamuru jina likabidhiwe kwa kampuni. Masharti ya UDRP yanasema hivyo waziwazi: kusajili jina kwa lengo la kumuuzia mwenye alama kwa bei inayozidi gharama ulizoingia ni ushahidi wa nia mbaya. Domeni tatu za dola kumi na kitu, kisha milioni tano! Wakili wa upande wa pili anaichapa barua hiyo na kuiweka ya kwanza kwenye faili.

Haijaharibika kabisa, lakini. Jopo huangalia lengo lilikuwa nini siku ya kusajili, na wewe una mwaka mzima wa mauzo halali: oda, miamala ya simu, stakabadhi za basi la Ifakara. Hivyo vinaonyesha domeni zilinunuliwa kwa ajili ya kuuza spea, na wazo la kuziuza lilikuja baadaye kwa hasira za kijana. Vitunze vyote. Na ile barua ifutwe kwa barua nyingine, leo hiihii.

Kuhusu mamilioni. Kampuni ikienda kwa njia ya UDRP, jopo halina mamlaka ya kukutoza fidia hata senti. Linaweza kuamuru mambo mawili tu, domeni ihamishiwe kwa mlalamikaji au ifutwe. Ada ya WIPO kwa domeni moja hadi tano mbele ya mwamuzi mmoja ni dola 1,500, na anailipa mlalamikaji. Wewe kujibu hulipi kitu, ila una siku 20 tu tangu shauri lianze rasmi, na usipojibu jopo linaamua kwa maelezo ya upande mmoja. Taarifa hutumwa kwa barua pepe iliyoandikwa wakati wa kusajili. Muulize kijana aliandika ya nani. Nina hakika ni yake, na nina hakika domeni ziko kwa jina lake, kwa hiyo kwenye karatasi mlalamikiwa ni yeye.

Njia nyingine ni mahakama za hapa nchini, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Huko fidia, gharama na amri ya zuio vinawezekana, na ndiko nisikokutaka ufike. Kampuni nyingi hazina hamu ya kumshtaki mwenye duka aliyeshirikiana nao mapema. Hamu huja wakipuuzwa au wakidaiwa pesa.

Sasa zile kopi. Kesho asubuhi ukifungua duka, shusha maboksi yote ya kopi uyaweke kwenye meza, uyasome moja moja. Boksi lenye jina la mtengenezaji wake mwenyewe, na chini limeandikwa kwamba spea hii inaingia kwenye pikipiki aina fulani, halina tatizo. Uza, na endelea kumwambia mteja ukweli. Lakini boksi lililopigwa jina na nembo ya chapa ile wakati hazikutoka kwao, hiyo ni bidhaa bandia, na kumwambia mteja kwamba ni kopi hakukuokoi. Hapo ndipo Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inapoingia, na Tume ya Ushindani, FCC, hukamata na kuteketeza bidhaa hizo. Mawakili waliofungua faili juu ya tovuti yako wanaweza kutuma mtu dukani akanunue breki shuu moja kama mteja wa kawaida. Ondoa maboksi hayo kwenye rafu, usiyauze tena, na umrudishie aliyekuuzia kama anakubali. Ukikuta ni mengi, nipigie kabla hujafanya lolote.

Kwenye tovuti, kabla ya kufuta chochote mwambie kijana apige skrinshoti za kurasa zote zenye tarehe, azihifadhi. Kisha aondoe nembo, rangi zao na picha zao. Picha ni shauri jingine, la hakimiliki, na ni rahisi kulimaliza: piga picha spea zako mwenyewe kwa simu, juu ya meza yako, kwenye mwanga wa mlangoni. Juu kabisa iandikwe: "Sisi ni duka huru la spea Morogoro. Si wakala wa kampuni yoyote ya pikipiki." Asihamishie domeni kwa jina la rafiki yake wala asiziuze kwa mtu mwingine. Kuhamisha jina mgogoro ukiwa umeanza kunasomeka kama kukimbia, na shauri likishafunguliwa msajili huzifunga zisihamishike.

Kisha uwaandikie mawakili, kwa Kiswahili hichihichi. Unaweza kutumia maneno haya:

"Rejea barua yenu. Jibu lililotumwa awali lilitumwa bila idhini yangu na ninaliondoa. Sidai malipo yoyote. Majina hayo yalisajiliwa kwa ajili ya kuuza spea dukani kwangu, wala sikukusudia kumfanya mtu aamini kwamba mimi ni wakala wa mteja wenu. Nembo na picha zimeondolewa leo. Bila kukiri kosa na bila kuathiri haki zangu, niko tayari kuyahamisha majina yote matatu. Lenye herufi iliyokosewa na lenye neno 'tanzania' nitayahamisha mara moja. Lililobaki naomba siku 90 ili niwahamishe wateja wangu kwenye anwani mpya, kisha nitalihamisha nalo. Naomba mthibitishe kwa maandishi kwamba baada ya hapo mteja wenu hatakuwa na madai mengine juu ya majina haya."

Hizo siku 90 ndizo jibu la stika zako. Wanaweza kukupa 60, wanaweza kukupa 30, lakini omba. Katika muda huo ile anwani ya kwanza ifungue ukurasa mmoja tu wenye maneno machache: tumehamia anwani mpya, hii hapa, na namba yetu ya simu ni ileile. Stika ambazo hazijabandikwa zichome. Za kwenye madigadi, kijana akija kununua plagi umpe mpya abandike juu ya ile ya zamani. Fundi wa stika anaweza kukukatia zenye ukubwa uleule ili ifunike yote.

Na hiyo anwani mpya iwe na jina lako. Umeniambia vijana wa kijiweni wanakuita Mama wa Cheni. Mama, hilo ni jina la biashara kuliko hayo matatu! Lisajili BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, na uelewe kwamba usajili unaouhitaji ni wa aina mbili, kwa sheria mbili tofauti: jina la biashara linalokutambulisha wewe mfanyabiashara, na alama ya biashara inayokupa haki ya kumzuia mwingine asilitumie kwa bidhaa kama zako. Alama ya biashara Tanzania Bara hudumu miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kila miaka 10. Ukisajili BRELA huna ulinzi Zanzibar. Kule kuna msajili wao na sheria yao. Ukipata jina ndipo ununue domeni, .co.tz au .com, kwa jina lako na barua pepe yako. Kijana awe fundi wa tovuti, asiwe mwenye nayo kwenye karatasi.

Anahofia wateja hawatakupata Google. Hofu hiyo ina msingi, na mwezi wa kwanza simu zitapungua. Lakini kijana wa Kilosa aliyekatikiwa cheni haandiki anwani ya tovuti. Anaandika "cheni ya pikipiki" na aina ya pikipiki yake, na Google inasoma kilichoandikwa ndani ya ukurasa, si mlangoni tu. Kila spea iwe na ukurasa wake: jina lake, pikipiki inayoingia, bei, kama ni orijino au ya mtengenezaji mwingine, na kwamba mzigo unafika Ifakara kwa basi siku ileile. Humo ndani utataja chapa kadiri inavyohitajika kumweleza mteja, na hapo una haki yako kamili.

Wasomaji wengine walioniandikia mwezi huu kuhusu domeni zenye majina ya benki, mitandao ya simu na vilabu vya mpira, waliozinunua wakisubiri wenyewe waje na pesa: jibu langu kwenu ni lile la mieleka.

Mama, umesema barua imefika siku tisa zilizopita, na safu hii ina foleni. Kwa hiyo jibu hili nimekutumia kwenye simu yako usiku uleule nilioipata barua, kabla halijachapwa. Mwite kijana, mkae pamoja. Usimgombeze, aliona biashara ya mama yake mkubwa inaweza kufika Ifakara, na akaifikisha. Barua ya mawakili iende kabla ya siku ya 14, na wakikujibu nitumie jibu lao lilivyo, usiwarudishie neno mpaka nimelisoma.

Dada Wakili